Mninga Juu ya Boneti

Hana moyo wala mshipa, ukimkata anatokwa damu. Watoto wa Kasulu hulijibu hilo kabla hujamaliza kutega: ni mninga. Lakini asubuhi ile ya Jumapili, mwezi wa tisa, mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe vijijini, hakuna mtu uani kwa Evaristi aliyekuwa na hamu ya vitendawili. Damu ya mninga ilikuwa imeganda juu ya gari jeupe, na gari lenyewe halikuwa lao.

Lilikuwa Pijo la Mzee Tamimu, mwenye duka la vitambaa pale sokoni. Alilitoa kwa moyo mkunjufu, akamtoa na mpwa wake Gharibu wa kuliendesha, ili Felisiani, mwana wa Evaristi, akamlete mkewe kutoka Kibondo kama watu wengine wanavyoletewa wake zao. Evaristi alikuwa fundi wa nguo kwenye baraza ya duka hilo. Baraza ya Mzee, cherehani ya Mzee, kitambaa cha Mzee; cha Evaristi pale ilikuwa miguu tu ya kukanyagia. Kwa miguu hiyo nyumba yake ilikula, ikavaa, na sasa ilikuwa imemwoza mwana.

Matawi yalifungwa na mashangazi wa bibi harusi kule Kibondo. Mwezi huo mninga huchanua kabla ya majani, na pori lote huwa la manjano kama limemwagiwa unga wa dengu. Wakakata matawi yenye maua, wakalifunika gari kuanzia boneti hadi buti, wakakaza kwa kamba za magome. Na majani ya harusi, kwa watu wa kule, hayafunguliwi njiani. Hulala yalivyofungwa, na anayeyafungua asubuhi ni mama mkwe kwa mkono wake, kuonyesha kwamba mtoto wa watu amempokea. Akiyafungua mwingine, au yakifunguliwa kabla, ni sawa na kumwambia mwali arudi kwao. Basi gari lilipigwa jua kutoka Kibondo hadi Kasulu matawi yakidondosha utomvu, likalala uani, na utomvu nao ukakauka taratibu kama gundi ya seremala.

Immakulata, mke wa Evaristi, alifungua kamba kwa madaha, wanawake wa jirani wakimpigia vigelegele. Alipoinua tawi la kwanza, tawi likakataa. Akalivuta. Likatoka kwa mlio wa plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, na chini yake pakabaki doa jekundu lililokolea, pana kama kiganja. Akainua la pili. La pili nalo hivyo hivyo.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Majirani wakakumbuka kwamba walikuwa wanakwenda misa.

*

Gharibu alikuwa amelala kwenye mkeka, viatu vya harusi bado miguuni. Walipomwamsha na akaona, alijishika kichwa.

"Fundi, mmechinja kuku juu ya gari?"

"Ni mninga," Evaristi akasema. "Matawi. Na usiseme kwa sauti."

"Nisiseme kwa sauti vipi? Mjomba anakuja mwenyewe kulichukua akishaswali adhuhuri. Anampeleka Shehe kwenye maulidi Buhigwe. Akilikuta hivi, mimi narudishwa Ujiji kwa miguu."

"Wewe utarudi Ujiji kwa mama yako, atakupikia wali," Immakulata akamwambia. "Baba Felisiani akiondolewa barazani, atarudi wapi?"

 Felisiani mwenyewe alikuwa ameondoka alfajiri kurudisha mabenchi ya parokia. Mwali, Uwimana, alikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa udongo ulio mbele ya gari, nguo imemfunika hadi puani. Mpaka siku ya kufunuliwa, hakutakiwa kutoka nje mchana, wala kusema neno na baba mkwe wake.

Evaristi akawasogeza karibu na mti wa mpera, mbali na dirisha.

"Hapa hakuna atakayetaja Kibondo," alisema. "Hakuna atakayetaja mashangazi. Yule mtoto akisikia kwamba baraka ya kwao ndiyo iliyoharibu gari la watu, atakaa nyumba hii maisha yake yote akitembea kwa ncha za vidole."

"Basi tufanye nini?" Gharibu akauliza.

Immakulata alikuwa ameshaanza kufanya. Mikono ya mwanamke aliyesugua masufuria ya karamu haisubiri baraza. Alichota majivu jikoni, akayachanganya na mchanga laini, akachukua na dodoki la nyuzi za mgomba, akainama penye doa lililo karibu na taa ya kulia. Akasugua kama anavyosugua sufuria lililoungua wali. Doa likapungua. Akafurahi, akaongeza nguvu, na mumewe akaja mbio akamshika kifundo cha mkono.

"Mama Felisiani. Acha."

"Linatoka. Hulioni?"

"Linatoka na rangi."

Akamwagia maji pale. Doa kweli lilikuwa limefifia, lakini rangi iliyolizunguka ilikuwa imepoteza mng'ao, imejaa mikwaruzo midogo midogo, kama jicho lenye mtoto. Immakulata akatazama, dodoki likamdondoka.

"Sikujua," akasema.

"Gari si sufuria."

"Najua gari si sufuria. Nimepanda gari mara ngapi mimi, mpaka nijue linaoshwaje?"

 Evaristi alikaa chini akaitazama boneti kama anavyotazama kitambaa cha mteja kabla ya kutia mkasi. Miaka yote ile barazani, watu walikuwa wakimletea nguo zenye doa la chai, la wino, la mafuta ya baiskeli, wakitaka azikate na kuzigeuza. Alikuwa amejifunza kwamba doa halipigwi, linaombwa. Na kwamba kabla hujaliomba kwa chochote, unajaribu kwanza kwenye upindo, pale ambapo jicho la mtu halifiki.

Akafungua mlango wa gari, akatafuta mahali ambapo mlango ukifungwa hapaonekani. Gharibu akanyonya petroli kidogo kwenye tangi kwa mpira, akatema mate na kulaani. Evaristi akachovya ncha ya kitambaa, akapangusa pale pa maficho. Kitambaa kikarudi cheupe.

"Inakula rangi," alisema. "Hiyo weka mbali."

Wakajaribu mafuta ya taa. Doa likapata mng'ao likapendeza, lakini halikusogea. Immakulata akaleta mawese, maana kila mtu ajuaye kupasua fenesi anapaka mafuta mikononi kwanza. Mawese yakateleza juu ya doa kama maji juu ya jani la myugwa. Wakapasha maji, Evaristi akalowesha taulo, akalilaza juu ya doa mpaka likapoa, akalirudia. Hapo taulo likaanza kuwa jekundu. Ngozi ya juu ya utomvu ikalainika, ikaja na kitambaa. Lakini mizizi ikabaki, imeshikamana na rangi.

"Kidogo kinatoka," Gharibu akasema.

"Kidogo. Na jua linapanda."

Jua lilikuwa limeshavuka mpera.

*

Immakulata alijifunga kanga akaenda zahanati. Alimkuta mhudumu mlangoni anakula muwa. Alimwamkia kwa heshima, akaeleza kwamba anaomba spiriti kidogo, ile wanayopaka kabla ya sindano.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Sasa spiriti ya nini?"

Immakulata akaona aibu, akasema ya gari. Mhudumu akaacha kutafuna. Akageukia wanawake waliokaa kwenye benchi na watoto wao mgongoni.

"Mmesikia wenzenu? Nyie mnaleta watoto, mwenzenu ameleta gari." Wanawake wakacheka, wengine kwa kulazimika. "Mama, iliyobaki kwenye chupa ni ya sindano za hawa. Gari likipandisha homa, lilete, tutalipima."

Alitoka pale uso unamwaka. Angeweza kurudi nyumbani. Badala yake akakata kushoto, akapita migombani mpaka kwa Niyonsaba.

Niyonsaba alikuwa mjane aliyekimbia Burundi mwaka wa mauaji, akaja na mtoto mmoja na elimu moja. Elimu yenyewe aliificha chini ya vyungu, maana serikali iliikataza na mgambo waliipenda. Alikuwa amekaa chini anachambua maharage.

"Bwakeye, Niyonsaba."

"Bwakeye, mama mkwe mpya. Nyama ya harusi imebaki, au umekuja kuniambia ilivyokuwa tamu?"

"Nitakutumia nyama. Nina shida."

"Kitendawili."

"Leo sina nafasi ya vitendawili, mwenzangu."

"Basi huna haja na nilicho nacho. Kitendawili."

Immakulata akashusha pumzi. "Tega."

"Maji yasiyonywesha ng'ombe, humlaza mwenye ng'ombe."

Immakulata akatazama nyuma, akatazama na migombani. "Hayo hayo ndiyo nimeyafuata."

Niyonsaba akainua uso. "Wewe? Mama wa rozari?"

"Si ya kunywa. Ni ya kuoshea gari."

Yule mwanamke alicheka mpaka maharage yakamwagika kwenye ungo. "Walinijia wakasema ya tumbo, nikawapa. Wakaja wakasema ya jino, nikawapa. Shemeji yangu alisema ya kuogeshea mtoto mwenye surua, nikampa naye akainywa njiani. Ya gari, hiyo mpya." Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Akainuka, akasogeza chungu, akatoa chupa iliyozibwa kwa gunzi. "Ile ya kwanza kutoka. Usiisogeze karibu na moto. Na ukikamatwa, hunijui."

"Sikujui."

"Ego, haya. Nenda."

*

"La," Evaristi akasema alipoinusa. "Hii la."

"Spiriti na gongo ni ndugu wa tumbo moja, Baba Felisiani. Zahanati wamenicheka. Ulitaka nifanye nini?"

"Unajua gari ni la nani. Mzee akiguswa na hii haswali mpaka afue na kunawa. Sasa niichukue nilipakae gari zima, aje apande na Shehe?"

"Itaruka. Pombe haikai, inaruka kama mvuke. Mpaka afike patakuwa pakavu."

"Patakuwa pakavu, lakini mimi nitakuwa najua."

"Na baraza ikikuponyoka utajua nini? Utajua njaa." Sauti yake ilipanda, akakumbuka dirisha, akaishusha. "Umeingiza mtoto wa watu nyumbani jana. Atakula nini, ujuzi wako?"

Gharibu akaingilia kati. "Mwislamu hapa ni mimi, nami nasema tia. Mjomba akiuliza, tunasema spiriti ya hospitali. Spiriti hata msikitini inaingia, mtu akiwa na bandeji."

Evaristi aliliangalia gari. Aliangalia na mikono yake, ambayo ilikuwa imeanza kuwa myekundu kwenye kucha.  Kisha akanyoosha mkono akapokea chupa.

Alijaribu kwanza pale pa maficho. Kitambaa kikarudi safi, rangi imekaa. Akachagua matambara. Gharibu alimletea kipande cha tetroni kutoka kwenye furushi la mabaki, akakikataa. Tetroni ina uzi mgumu, inakwaruza. Akataka pamba kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa mpya. Immakulata akampa fulana ambazo Felisiani alizivaa akiwa mtoto. Zilikuwa sandukuni zikimsubiri mjukuu.

Basi wakafanya. Taulo la moto juu ya doa mpaka lilainike. Kitambaa chenye gongo kidogo, kikabonyezwa bila kusuguliwa, kikaachwa kama pumzi mbili tatu. Kisha kupangusa kuelekea upande mmoja, kukunja kitambaa upate uso safi, kupangusa tena. Palipotoka, Immakulata alipaosha hapo hapo kwa povu la sabuni na maji mengi, gongo isije ikakaa ikala rangi.  Fulana zilikuwa nyekundu kama za mtu aliyechomwa kisu. Doa moja likaondoka, likafuata jingine, na weupe wa Pijo ukaanza kurudi kwa viraka.

Walikuwa wamefika kwenye buti sauti ilipoita hodi njiani. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, Pasikali, mtu wa kupenda kujua kilichopikwa kila nyumba. Gharibu alinyakua chupa, akairusha ndani ya gari, akaisukuma chini ya kiti cha mbele, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Hodi za nini, balozi, na ua wetu hauna mlango?" Immakulata akasema, akicheka kicheko kisichokuwa chake.

"Nasikia harufu ya karamu," Pasikali akasema, pua imeinuka. "Karamu haijaisha hapa?"

"Imeisha. Ile unayoisikia ni ya jana, imebaki kwenye nguo za wanaume."

Pasikali alilizunguka gari taratibu, akaona matambara mekundu, akamwona Evaristi ameinama. "Usafi huu," akasema. "Mzee Tamimu ana bahati na watu wake." Akatazama mlango wa jikoni. Immakulata akaenda akamletea nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba, ile aliyomwekea Niyonsaba. Balozi akaipokea, akashukuru kwa niaba ya chama, akaenda zake.

Walipofungua mlango wa gari, gunzi lilikuwa limechomoka. Chupa ilikuwa imelala. Kiti cha abiria, kile cha kitambaa, kilikuwa kimenywa hadi shingo.

Gharibu alikaa chini kwenye vumbi, na suruali yake ya harusi. Kutoka mjini, adhana ya adhuhuri ikaanza.

*

Mzee Tamimu alikuja kwa miguu, kanzu na koti, mwavuli mkononi ijapokuwa hakukuwa na wingu. Walikuwa wamekiosha kile kiti kwa sabuni, wamekipiga maji, wamefungua milango yote. Kilikuwa kimelowa, na harufu ilikuwa inatembea uani kama mgeni asiyetaka kuaga.

"Shikamoo, Mzee," Evaristi akasema.

"Marahaba, fundi. Hongereni. Mtoto amefika salama?"

"Amefika, Mzee. Tunashukuru."

"Alhamdulillah." Alilisogelea gari. Akapitisha kiganja juu ya boneti, polepole, na uso wake ukalainika. "Mmeliosha. Mimi nilijua nitalikuta na vumbi la Kibondo. Gharibu hawezi kuliosha hivi hata kwa fimbo." Kiganja kikafika karibu na taa ya kulia, kikasimama. Akainama. "Hapa pamesuguliwa na nini?"

"Majivu, Mzee," Immakulata akasema. "Ni mimi."

"Majivu. Kama sufuria."

"Kama sufuria."

Mdomo wa Mzee ulicheza kidogo. "Hapa patapakwa rangi. Si jambo la kuuana." Akaenda mlangoni, akainama apate kuingia, akasimama nusu ndani nusu nje. Alipotoka, ule ulaini haukuwapo tena.

"Hii ni nini?"

"Spiriti, mjomba," Gharibu akasema haraka. "Ya hospitali. Gari lilipata utomvu wa matawi, tukaomba spiriti, wakatupa, ikamwagika. Spiriti tu."

Mzee Tamimu hakumtazama mpwa wake. "Fundi. Ni spiriti?"

Immakulata alikuwa nyuma ya Mzee. Alimkazia mumewe macho, na katika macho hayo mlikuwa na sahani, na sabuni, na mwali, na mjukuu asiyezaliwa. Neno lenyewe lilikuwa moja, na Gharibu alikuwa ameshalisema. Kilichotakiwa ni kichwa tu kuinama. Evaristi alikiona kile kiti. Akamwona Shehe amekaa pale, kanzu yake nyeupe ikinyonya, akishuka Buhigwe, akiingia kusoma maulidi mbele za watu.

"Si spiriti, Mzee," akasema. "Ni gongo."

Gharibu akafumba macho.

"Mlikunywa humo?"

"Hakuna aliyekunywa. Tuliondolea utomvu. Petroli ilikuwa inakula rangi."

"Ulijua gari ni langu."

"Nilijua."

"Ulijua nakwenda na nani."

"Nilijua, Mzee."

"Utomvu ni utomvu," Mzee Tamimu akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungeniita, ukaniambia gari limeharibika, ningekasirika, nikapoa. Hili jingine ulilifanya ukilijua. Mimi nikuazime gari la kumletea mwanao mke, wewe unirudishie najisi."

"Ndiyo maana nakwambia kabla Shehe hajapanda."

Mzee alizungusha mwavuli mkononi. Aliangalia chini, akaokota kitawi cha mninga kilichobaki karibu na gurudumu, maua yamenyauka.

"Nani alifunga haya matawi?"

"Mimi," Evaristi akasema. "Nilitaka lipendeze."

Mzee Tamimu alimwangalia. Jana yake, wakati gari likiwa Kibondo, fundi huyu alikuwa amekaa barazani kwake tangu kufungua duka hadi kufunga, akimalizia koti la harusi la mwanawe Felisiani, na wawili hao walikunywa kahawa ya birika moja. Macho ya Mzee yakahama, yakaenda kwenye lile dirisha dogo la nyumba ya udongo lililofungwa saa za mchana, yakarudi. Hakuuliza tena.

"Wewe," alisema.

"Mimi, Mzee."

"Gharibu, lipeleke mtoni. Ng'oa kiti. Maji yanayotembea, si ya ndoo." Akageuka kuondoka, kisha akasimama akiwa amewapa mgongo. "Shehe nitamwambia limekataa kuwaka. Hilo Mungu atanisamehe. Kesho njoo kazini, fundi. Lakini cherehani nitaihamishia uani, kule upande wa banda la kuku. Barazani kwangu wanakaa watu wa msikitini, na mji huu una pua. Mpaka jioni watakuwa wameshasikia."

Uani kwa Mzee Tamimu hapakuwa na mpita njia. Mtu akinunua kitambaa dukani angeona baraza tupu, angekwenda kwa fundi wa duka la pili. Evaristi alilijua hilo, na Mzee alilijua.

"Asante, Mzee."

"Usiniambie asante," Mzee Tamimu akasema, akafungua mwavuli wake kwenye jua, akaenda.

*

Gharibu alipoondoka na gari, uani palibaki matambara, na vumbi lililolowa, na nyuki waliofuata maua.

"Neno moja," Immakulata akasema. Alikuwa anakusanya matambara kwa nguvu, kama anayeng'oa magugu. "Alishakusemea yule kijana. Wewe ulikuwa unainamisha kichwa tu. Kichwa nacho kilikuwa kizito?"

"Shehe angekaa pale."

"Angekaa, angeinuka. Angekufa?"

"Asingekufa."

"Basi sisi ndio tutakaokaa na kuku." Akajifuta uso kwa mkono ulio na sabuni, ikamwingia machoni, na hapo akapata sababu ya kulia. "Na ile nyingine ukaidanganya bila kutetemeka. Matawi umefunga wewe. Wewe hata zawadi hujawahi kufunga."

"Sema polepole."

"Nimechoka kusema polepole kwangu."

Mlango wa nyumba ukafunguka. Uwimana alitoka kwenye jua la mchana akiwa na beseni la maji, bilauri na kipande cha sabuni, nguo imemfunika kichwa lakini uso uko wazi. Alikuwa msichana wa mashavu ya mviringo, macho yamevimba. Immakulata akaacha kulia kwa mshangao.

"Mwanangu, rudi ndani. Siku yako bado. Hujafunuliwa."

"Ukuta wenu ni mwembamba, mama," Uwimana akasema. "Zile kamba nilizishika mimi, shangazi akikaza fundo."

Alimpita mama mkwe wake, akapiga magoti mbele ya Evaristi, kama ilivyo heshima, akaweka beseni chini. Evaristi akageuza uso pembeni, maana hivyo ndivyo baba mkwe anavyotakiwa kufanya.

"Nyoosha mikono, databukwe," msichana akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba mkwe wake. Evaristi akakaa bado ameangalia pembeni, kwenye mpera. Kisha akanyoosha mikono. Uwimana akaipaka sabuni, kidole kwa kidole, akasugua kucha, akamimina. Maji yakaingia beseni mekundu. Akapaka tena, akamimina tena.

Evaristi aliitazama. Michirizi ilikuwa bado ipo kwenye mistari ya viganja na kuzunguka kucha.

"Haitoki," akasema.

"Haitoki leo," Uwimana akajibu, akachota maji mengine.